SOMO: Daftari la fundi wa programu

Mradi unapokwisha au mtumishi anapohama, sote tunaujua utaratibu wa makabidhiano. Mhasibu hukabidhi daftari la fedha na stakabadhi zake. Dereva hukabidhi funguo na kitabu cha safari za gari. Mtunza stoo hukabidhi leja. Lakini kijana aliyetengeneza programu ya kuandikisha wagonjwa au ya kupokea ada za shule, mara nyingi hukabidhi kompyuta na chaja yake, basi. Namna alivyoisimika programu ile, amri alizotumia, dosari alizokutana nazo na jinsi alivyozitatua, vyote huondoka kichwani mwake anapokwenda Dar es Salaam au Maskati kwenye kazi yenye mshahara mzuri zaidi. Hatumlaumu kwa kuondoka. Ila miezi sita baadaye mashine inagoma, foleni ya akina mama imefika barazani, na hakuna anayejua pa kuanzia.

Somo la toleo hili linahusu daftari ambalo fundi huyo angepaswa kuliacha. Ndani yake hukusanywa vitu viwili: vipande vya msimbo vinavyotumika mara kwa mara, na maelezo ya usimikaji, yaani hatua kwa hatua jinsi mfumo ulivyowekwa kwenye mashine. Limeandikwa kwa ajili ya vijana wa TEHAMA katika miradi, shule na zahanati za Unguja. Limeandikwa pia kwa wasimamizi wao ambao hawajapata kuandika hata mstari mmoja wa programu, kwa sababu hao ndio wenye uwezo wa kulidai daftari wakati wa makabidhiano.

Jambo la zamani

Kipande cha msimbo ni mistari michache ya programu inayofanya kazi moja ndogo: kusafisha namba ya simu, kupanga tarehe, kujumlisha mapato ya wiki. Fundi anayeandika mistari hiyo upya kila mara hupoteza muda, na kila anapoiandika upya hufungua nafasi ya kukosea upya.

Wazo la kuikusanya ni la zamani karibu sawa na kompyuta zenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mashine iliyoitwa EDSAC ilianza kufanya kazi Mei 1949. Maurice Wilkes na wenzake David Wheeler na Stanley Gill waligundua mapema kwamba mahesabu mengi yanarudia sehemu zilezile. Wakazitoboa sehemu hizo kwenye kanda za karatasi, wakazihifadhi kabatini, na aliyehitaji alikwenda kuchukua kanda na kunakili. Mwaka 1951 walichapisha kitabu kilichoeleza maktaba hiyo, kila kipande na kazi yake na masharti ya kukitumia. Hilo la masharti ndilo la kushika. Kanda bila maelezo ingekuwa karatasi yenye matundu tu.

Na watu wa pwani hii hawana haja ya kufundishwa thamani ya maelezo ya njia. Ahmad ibn Majid, rubani wa bahari kutoka Julfar, iliyo leo katika Ras al-Khaimah, alikusanya maarifa ya nyota, pepo na bandari katika kitabu chake cha mwishoni mwa karne ya 15, ili nahodha ambaye hajapita njia fulani aweze kuipita. Daftari la fundi wa programu linafanya kazi ileile kwenye bahari ndogo zaidi.

Tulichojifunza katika takwimu za afya

Hapa Zanzibar mfano mzuri uko katika sekta ya afya. Tangu mwaka 2005 Wizara ya Afya ilianza kutumia programu ya DHIS kukusanya takwimu za vituo, kwa kushirikiana na mtandao wa HISP ulio chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Programu hiyo ilizaliwa Afrika Kusini baada ya mabadiliko ya mwaka 1994. Matoleo yake ya mwanzo yalijengwa juu ya Microsoft Access na kukaa kwenye kompyuta moja ofisini. Toleo la pili, DHIS2, limeandikwa kwa lugha ya Java, hutumia kanzidata ya PostgreSQL, na hufunguliwa kwa kivinjari cha intaneti. Fundi aliyejua vizuri Access alijikuta anaanza masomo upya.

Je, maelezo aliyoandika kuhusu Access yalikuwa ya bure? Yale ya kubonyeza hapa na pale, ndiyo, yalikufa na toleo lake. Lakini kuna aina ya maelezo yanayovuka: idadi ya wajawazito wa hudhurio la kwanza inahesabiwaje, kituo kilichobadilishwa jina kiliitwaje zamani, kwa nini takwimu za mwezi fulani zina pengo. Hayo hayajui Access wala Java. Fundi mwenye busara huyaweka sehemu ya mbele ya daftari.

DHIS2 ni programu huria. Mtu yeyote anaweza kuichukua, kuisoma na kuisimika bila kulipia leseni, na miongozo yake ya usimikaji ipo wazi kwa wote. Ndivyo ilivyo pia kwa Community Health Toolkit, msingi wa programu ya simu inayotumiwa na wahudumu wa afya wa kujitolea katika mpango wa Jamii ni Afya. Baadhi ya vijana husema: kama miongozo ipo, daftari la nini? Jibu ni kwamba mwongozo ulioandikwa Oslo haujui seva yako imekaa chumba gani, betri yake ya akiba inadumu dakika ngapi, wala orodha ya shehia zako. Mwongozo wa jumla ni wao. Sehemu ya kwetu hakuna atakayetuandikia.

Chukua orodha ya wilaya. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Zanzibar ikiwa na wilaya 10. Sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 1,889,773, ilikuta wilaya 11, kwa sababu Wilaya ya Magharibi hapa Unguja ilikuwa imegawanywa kuwa Magharibi A na Magharibi B. Kipande cha msimbo chenye orodha ya wilaya 10, kikinakiliwa leo kutoka programu ya zamani, hakitagoma wala kutoa onyo. Kitafanya kazi kimyakimya na kumwandika mgonjwa wa Magharibi B katika wilaya ambayo haipo. Ndiyo maana kila kipande katika daftari lazima kiwe na tarehe, na orodha yoyote ya maeneo iandikwe imetoka wapi na mwaka gani.

Vipande viwili vya kwetu

Vitabu vya programu vya ng'ambo vimejaa vipande vya kila aina, lakini viwili vifuatavyo si rahisi kuvikuta humo.

Cha kwanza ni saa. Kompyuta huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi twahesabu kuanzia macheo na machweo. Zahanati ikituma ujumbe wa simu unaosema "njoo kliniki saa 8", na programu ilikusudia saa 8 ya kompyuta, muuguzi atakuwa tayari saa mbili asubuhi naye mama atafika saa nane mchana, chumba kimefungwa. Huenda ametoka Makunduchi kwa daladala na mtoto mgongoni. Ukurasa wa daftari unaweza kuwa hivi:

Jina: Saa ya kompyuta kuwa saa ya Kiswahili
Lugha: Python 3
Msimbo:
def saa_ya_kiswahili(h):
    s = (h + 6) % 12
    return 12 if s == 0 else s
Jaribio: 8 itoe 2; 13 itoe 7; 18 itoe 12; 6 itoe 12
Tahadhari: kinatoa namba tu. Neno asubuhi, mchana, jioni au usiku liongezwe kwa kipande kingine, ama sivyo 6 na 18 hazitofautiki.

Angalia mstari wa jaribio. Bila huo, fundi mpya hana njia ya kujua kama amenakili sawasawa. Angalia na tahadhari. Ningeongeza hata nyingine: kwa wazee wengi wa Unguja "usiku wa Ijumaa" ni usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kompyuta inauita Alhamisi. Programu inayotuma matangazo ya usiku itaje tarehe, isitaje siku peke yake.

Cha pili ni ritifaa. Mtaa mzima mkubwa ulio ng'ambo ya Mji Mkongwe unaitwa Ng'ambo, na alama hiyo ndogo katikati ya jina huangusha programu zilizoandikwa kwa haraka. Katika lugha ya SQL maneno hufungwa kwa alama hiyohiyo. Ukiandika

INSERT INTO wagonjwa (mtaa) VALUES ('Ng'ambo')

kanzidata huona neno limeishia kwenye Ng, kisha inakuta "ambo" isiyoeleweka, inakataa. Fundi asiye na subira huwaambia makarani waandike "Ngambo" bila alama. Hiyo si tiba. Tiba ni kutoliunganisha jina la mtu au mtaa ndani ya amri, bali kulipitisha pembeni kama kigezo. Kwa Python na PostgreSQL:

cur.execute("INSERT INTO wagonjwa (mtaa) VALUES (%s)", (mtaa,))

Mlango ule unaoangushwa na ritifaa ya Ng'ambo ndio mlango ambao mwizi wa mtandaoni huupitia ili kuingiza amri zake mwenyewe. Kwa hiyo ukiuziba umetibu maradhi mawili kwa dawa moja.

Halafu kuna simu za mkononi. Baadhi yake huandika ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka. Kwa jicho la binadamu ni neno moja, kwa kompyuta ni mawili, na likija "Ngambo" la yule karani yanakuwa matatu. Taarifa ya mwezi inaonyesha mitaa mitatu yenye wagonjwa wachache wachache, na mlipuko wa kuhara haumshtui mtu. Kipande kinachogeuza ritifaa zote kuwa za aina moja kabla ya kuhifadhi kina mstari mmoja tu, lakini kinastahili ukurasa wake.

Maelezo ya usimikaji

Hapa ndipo wengi hukosa subira. Maelezo mengi niliyopata kuyasoma yana mstari kama "sakinisha PostgreSQL kisha rudisha data". Aliyeyaandika aliyaelewa siku ile. Aliyerithi anajiuliza: toleo gani la PostgreSQL? Data iko faili gani? Nitajuaje kama imerudi yote?

Tuseme zahanati ina kanzidata inayoitwa zahanati. Nakala ya akiba huchukuliwa hivi:

pg_dump -Fc -d zahanati -f zahanati_2025-06-30.dump

Kwenye mashine ya jaribio hurudishwa hivi:

createdb zahanati_jaribio
pg_restore -d zahanati_jaribio zahanati_2025-06-30.dump

Ni mistari mitatu tu, lakini daftari zuri litaongeza mambo matatu ambayo mistari hiyo haisemi. Kwanza, nakala iliyotolewa na toleo jipya la PostgreSQL huenda isikubali kuingia katika toleo la zamani, kwa hiyo andika matoleo ya mashine zote mbili. Pili, amri hiyo haibebi majina ya watumiaji wa kanzidata na ruhusa zao za kuingia. Hayo huchukuliwa kwa pg_dumpall --globals-only, na faili litokalo lina nywila zilizofumbwa, hivyo lisikae pamoja na daftari. Tatu, andika alama ya kufaulu: baada ya kurudisha, hesabu safu za jedwali la wagonjwa, na linganisha na hesabu iliyoandikwa siku nakala ilipochukuliwa. Nakala ya akiba ambayo haijapata kurudishwa hata mara moja bado ni tumaini tu, na mkaguzi wa fedha asingekubali tumaini kama hilo kwenye hesabu za benki.

Mpangilio wa saa nao uandikwe: Africa/Dar_es_Salaam, masaa matatu mbele ya saa ya ulimwengu, bila kubadilika mwaka mzima. Ujumbe wa kosa unaotokea kwenye kioo unakiliwe neno kwa neno kwa Kiingereza chake, maana ndivyo mwingine atakavyoutafuta. Maelezo mengine yote ninashauri yawe ya Kiswahili. Wapo wanaodai Kiswahili hakitoshi kwa kazi hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, menyu hadi menyu. Maneno yapo. Na karani wa zahanati anayesoma maelezo saa tano usiku peke yake atayaelewa upesi zaidi yakiwa katika lugha anayoota nayo.

Likae wapi?

Tarehe 21 Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika ukarudi baada ya karibu mwezi mmoja. Desemba 2009 ukakatika tena, na mara hii hadi Machi 2010, miezi mitatu. Kisiwa kizima kilitegemea waya wa chini ya bahari uliowekwa mwaka 1980. Waya mpya wa megawati 100 uliwekwa mwaka 2013 na hali imekuwa afadhali sana, lakini funzo linabaki. Kompyuta iliyozimwa miezi mitatu, na betri yake ndogo ya saa imechoka, huamka ikidhani ni mwaka mwingine kabisa. Tovuti salama huikataa kwa sababu tarehe haipatani na vyeti vyake. Fundi asiyejua hilo atashinda kutwa akitafuta kosa kwenye mtandao, kumbe alipaswa kurekebisha saa. Huo nao ni ukurasa mzuri wa daftari.

Intaneti ina siku zake pia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na mtandao ukasuasua Tanzania na nchi jirani. Daftari lililokuwa mtandaoni peke yake halikufunguka siku lilipohitajika.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Daftari liandikwe kama maandishi matupu, si katika Microsoft Word. Word hupindisha ritifaa na alama za nukuu bila kuulizwa, na hugeuza vistari viwili vya --globals-only kuwa kistari kimoja kirefu. Amri ikinakiliwa kutoka humo haifanyi kazi na macho hayaoni kwa nini. Mafaili yawekwe chini ya Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, kinachokumbuka nani alibadilisha nini na lini, na ambacho humpa kila fundi nakala kamili kwenye mashine yake hata pasipo intaneti. Nakala nyingine iwe kwenye diski ya nje iliyo nje ya jengo, maana hewa ya chumvi ya Mji Mkongwe haichagui kompyuta. Na kurasa za kuamsha mfumo, mbili au tatu, zichapwe kwenye karatasi zikae kwenye jalada la ofisi. Karatasi haihitaji umeme.

Yasiyoandikwa humo

Nywila hazikai kwenye daftari. Pale panapohitajika nywila, andika "nywila ya kanzidata, iko kwenye bahasha iliyofungwa, sefu ya mhasibu". Majina halisi ya wagonjwa, namba zao za simu na majibu ya vipimo visitumike kama mifano, hata kama fundi ana haraka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mgonjwa alimwambia siri yake daktari, hakuliambia daftari. Tunga majina ya mfano, ukikumbuka kutunga na moja lenye ritifaa.

Kipande ulichochukua kwa mwingine kiandikwe kimetoka wapi na kwa leseni gani. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 vijana wengi huiuliza akili mnemba iwaandikie msimbo. Sina ugomvi na hilo. Lakini akili mnemba hujibu kwa ujasiri uleule inapopatia na inapokosea, na kuhusu saa ya Kiswahili au wilaya za Unguja inaweza kukosea. Jibu lake haliingii daftarini mpaka lipite kwenye mstari wa jaribio kama la mtu mwingine yeyote.

Kazi ya kikundi

Kazi hii inawafaa watu watatu hadi sita na inachukua asubuhi moja. Tafuteni kompyuta kuukuu isiyo na data yoyote muhimu, na mwekeeni juu yake mafaili ya programu na nakala ya akiba yenye majina ya kutunga.

Kila mmoja aje na kurasa mbili: kipande kimoja cha msimbo alichokitumia zaidi ya mara mbili mwaka huu, na hatua za usimikaji za mfumo anaoutunza. Badilishaneni. Msomaji afuate maelezo ya mwenzake kwenye ile kompyuta kuukuu, intaneti ikiwa imezimwa. Mwandishi akae pembeni kimya, asionyeshe kwa kidole, asiseme "hapo unajua bonyeza...". Kila msomaji anapokwama, mratibu au mhasibu wa mradi, hata kama hajui programu, aandike mahali alipokwama na dakika alizokwama.

Anayerekebisha ukurasa ni yule aliyekwama, siku hiyohiyo, kwa maneno yake mwenyewe. Chini yake aandike tarehe ya jaribio na matoleo ya programu zilizotumika, kisha ukurasa uchapwe na kuingizwa kwenye jalada.